Mafunzo ya Juma: Udongo wa Gando

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Methali hii hutumiwa na wazazi na walimu kwa habari ya malezi: mtoto na afinyangwe angali mdogo, kwa maana akiisha kukauka hakunjiki tena bila kuvunjika. Lakini udongo wa methali ni udongo wa kweli pia, ule ule ukanyagwao shambani kila siku, na juma hili yafaa kuutazama kwa namna zote mbili.

Katika shule nyingi mtoto hufundishwa wema na adabu katika kipindi kimoja, habari za nchi za mbali katika kipindi cha pili, na kazi za mikono katika kipindi cha tatu. Kengele hulia baina ya vipindi hivyo, naye mtoto huyaweka mafunzo yake katika vyumba mbalimbali vya akili. Mtihani ukiisha huvifunga vyumba hivyo, na pengine havifungui tena. Walakini iko shule moja katika Afrika ya Magharibi ambayo habari yake imeyakusanya mambo hayo matatu, na mtu hawezi kuyatenga. Shule hiyo imo katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso.

NCHI YENYEWE

Burkina Faso ni nchi isiyo na pwani. Imezungukwa na nchi sita, nazo ni Mali, Niger, Benin, Togo, Ghana na Kodivaa. Ilitawaliwa na Wafaransa hata mwaka 1960, na jina lake lilikuwa Volta ya Juu mpaka mwaka 1984 lilipobadilishwa. Mji wake mkuu ni Ouagadougou, na Gando iko upande wa kusini-mashariki ya mji huo.

Watu wengi wa nchi hiyo ni wakulima na wafugaji. Hupanda uwele na mtama, na mvua yao ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni ukavu, na kabla ya mvua kuanza joto hufika digrii 40. Mkulima wa Kitui au wa Baringo akisoma habari hizi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Nyumba za vijijini tangu zamani hujengwa kwa udongo, na mvua kubwa ikipita wenyeji hawana budi kuzikandika upya, kwa kuwa kuta zimeliwa na maji.

MTOTO ALIYETOLEWA SHAMBANI

Mwaka 1965 katika kijiji hicho alizaliwa Diébédo Francis Kéré, kifungua mimba wa mkuu wa kijiji. Wakati huo Gando haikuwa na shule. Baba yake hakujua kusoma, naye alitaka awe na mtu wa nyumbani mwake wa kumsomea barua zake. Basi mtoto alipotimiza miaka saba alipelekwa mji wa Tenkodogo akasome. Huyo ndiye mtoto wa kwanza wa Gando kutiwa shuleni.

Ni vyema kulipima jambo hilo kwa mizani ya mkulima. Mtoto wa kiume wa kwanza akiondoka, mkono mmoja umepungua shambani. Mifugo yataka mchungaji, na jembe lataka mshikaji. Wala hapakuwa na mtu aliyeweza kuahidi kwamba masomo yale yangezaa kitu, maana hapakuwa bado na mwenyeji wa Gando aliyekwisha kuyajaribu. Kila mzazi aliyepata kuuza mbuzi kwa ajili ya karo aujua uzito wa shauri hilo.

Huko Tenkodogo mtoto alikuta darasa la matofali ya simiti, lenye mwanga hafifu na hewa haba. Ndani yake walikaa watoto zaidi ya mia kwa saa nyingi katika joto kali. Mwili ukitokwa jasho na macho yakitafuta mwanga, masikio hayawezi kumsikiliza mwalimu sana. Kijana aliweka nia moyoni kwamba, akijaliwa siku moja, atajenga madarasa yaliyo bora kuliko lile.

SENTI ZA AKINA MAMA

Kila likizo alirudi Gando, na likizo ikiisha alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaaga watu, kama ilivyo desturi. Akina mama wa kijiji walifungua pindo za nguo zao wakampa senti waliyokuwa nayo, na mara nyingine ilikuwa ya mwisho. Mtoto akashangaa, kwa maana wale hawakuwa matajiri, na wengine hawakuwa jamaa zake wa karibu. Akamwuliza mama yake sababu. Mama akamweleza kwamba wanawake wale wanachangia masomo yake kwa tumaini kwamba atafaulu, na kwamba siku moja atarudi kuwasaidia watu wa kijiji waishi maisha yaliyo bora.

Hapa ndipo penye somo la wema, nalo ni zito kuliko lile la kufundishwa kusema ahsante. Mama yule aliyetoa senti yake hakuandikiwa hati, wala hakupewa risiti. Alimkopesha mtoto wa mwenziwe bila shahidi, naye aliweza kufa kabla ya deni kulipwa. Hata hivyo, kwa kutoa hivyo alimfunga mtoto kwa kamba ambayo bahari na miaka mingi havikuikata. Wema hauozi, walisema wazee.

KATIKA NCHI YA BARIDI

Mwaka 1985 kijana huyo alipata msaada wa masomo akaenda Ujerumani kujifunza useremala. Mchana alifanya kazi ya mbao, akijifunza kutengeneza mapaa na vyombo vya nyumbani. Usiku alihudhuria masomo ya sekondari. Mwaka 1995, naye amekwisha kutimiza miaka 30 ama yu karibu nayo, alipewa nafasi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin ajifunze kazi ya kubuni na kuchora majengo. Alihitimu mwaka 2004. Makarani wanaosoma kwa taa baada ya kazi za ofisi, wakidhani umri umewapita, na waitazame miaka hiyo 19 kati ya kuondoka kwake na shahada yake.

Mtu aendaye nchi za ng'ambo anaweza kujifunza kwa njia mbili. Njia moja ni kuitazama kazi ya wenyeji na kuiiga kama ilivyo. Njia ya pili ni kuuliza kwa nini wenyeji wakaifanya hivyo. Mjerumani hujenga kuta nzito zilizozibwa barabara ili joto lisitoke nje, kwa kuwa baridi ya nchi yake huua. Huweka vioo vikubwa kwa kuwa jua lake wakati wa baridi ni adimu naye alihitaji. Mtu akiyachukua majengo hayo akayasimamisha penye joto la digrii 40, amechukua dawa ya ugonjwa mwingine. Kéré alichukua ile njia ya pili. Alijifunza jinsi joto linavyopita katika vitu, jinsi hewa inavyopanda ikipata moto, na jinsi ya kupima nguvu za ukuta na za boriti. Elimu hiyo haina nchi.

Angali mwanafunzi, aliona haya kukaa na elimu peke yake ilhali watoto wa Gando hawana darasa la kufaa. Mwaka 1998 aliunda chama kidogo ambacho jina lake kwa Kijerumani lina maana ya matofali ya shule kwa ajili ya Gando. Aliwaomba wanafunzi wenziwe waache kununua kahawa na sigara, wampe fedha hizo. Kwa muda wa miaka miwili zilipatikana dola 50,000 za Marekani. Haba na haba hujaza kibaba, hata huko Ulaya.

SHAURI LAZUKA KIJIJINI

Habari za shule zilipofika Gando watu walifurahi sana. Lakini waliposikia kwamba itajengwa kwa udongo, furaha ilipungua. Walijua wazi kwamba nyumba ya udongo haimalizi masika bila kudhurika. Walitazamia kwamba kijana wao aliyekaa Ulaya miaka mingi atawaletea jengo kama la Ulaya. Wengine waliulizana kama udongo ndio elimu aliyoifuata mbali, badala ya kukaa alime pamoja nao.

Haifai kuwacheka watu hao. Mashaka yao yalitoka katika maarifa ya kweli, kwa maana kila mmoja wao alikwisha kuona ukuta ukianguka. Kéré hakuwa na amri ya kuwalazimisha, na kama angalikuwa nayo isingalimfaa, kwa kuwa kazi ilihitaji mikono yao wote. Ilimbidi aeleze na aeleze tena, kisha ajenge vipande vya mfano, watu wavione kwa macho na kuvijaribu wenyewe. Hata baadaye, dari za matao ya udongo zilipojengwa kwa ajili ya nyumba za walimu, tao la mfano lilisimamishwa kwanza, watu wakapanda juu yake. Miguu yao ilipoona kwamba tao linawachukua, vichwa vyao navyo vilikubali.

Yeyote ambaye kazi yake ni kupeleka shauri jipya kwa wananchi, kama ni bwana shamba ama karani wa kata, afanya vyema kulikumbuka tao hilo. Mkulima anayekataa mbegu mpya pengine anangoja kuonyeshwa tu.

JINSI SHULE ILIVYOJENGWA

Kazi iligawanywa kwa wote. Watoto walikusanya mawe ya msingi, na akina mama walileta maji ya kukandia udongo. Wanaume na vijana walifyatua matofali na kujenga. Shule ilikamilika mwaka 2001.

Matofali yenyewe yalifanywa kwa udongo wa mahali pale uliochanganywa na simiti kidogo, kisha ukashindiliwa kwa nguvu. Simiti hiyo kidogo na kule kushindilia ndivyo vinavyolifanya tofali lisiyeyuke kama ukuta wa kukandika. Tena ukuta mnene wa udongo una tabia njema: hukawia kupata joto. Jua la asubuhi laupiga, lakini joto lachukua saa nyingi kupenya hata ndani, na huku watoto wamekwisha kwenda nyumbani.

Siri kubwa ya shule hiyo iko juu. Kila mtu aliyesoma chini ya mabati ajua kwamba saa sita mchana bati hugeuka kuwa kikaango. Lapata moto wa jua, nalo lautupa moto huo vichwani mwa waliomo ndani. Hata hivyo bati lina faida yake, kwa maana ni jepesi, na hakuna ezeko rahisi linaloshinda mvua kama hilo. Basi Kéré hakulikataa, alilitenga na darasa. Kwanza alifanya dari ya matofali, yaliyopangwa juu ya nondo za chuma na kuachwa na nafasi baina yao. Kisha, juu kabisa ya dari hiyo, alisimamisha paa la mabati lililoinuliwa kwa viunzi vya chuma, hata ukilitazama kwa mbali ni kama mwavuli unaoelea juu ya nyumba.

Kazi yake ni hivi. Jua hulipiga bati, nalo huwaka. Lakini joto lake halianguki darasani, maana kuna nafasi ya wazi ambamo upepo hupita, tena kuna dari ya udongo inayoukinga moto. Hewa iliyopata joto ndani ya darasa hupanda, ikapenya matundu ya dari, ikachukuliwa na upepo. Mahali pake huingia hewa nyingine kwa madirishani. Hakuna mashine wala umeme. Na kwa kuwa paa hilo limetokeza mbali nje ya kuta, mvua haizipigi, na jua la mchana haliziunguzi. Hivyo ule udhaifu wa udongo walioulilia wazee, yaani kuliwa na maji, ukapata dawa yake juu ya paa.

Palikuwa na shida moja tena. Viunzi vikubwa vya chuma haviwezi kuletwa kijijini kwa njia mbovu, wala hapakuwa na fedha za kukodi mashine ya kuviinua. Kwa hiyo zilitumiwa nondo za kawaida zinazouzwa madukani. Vijana wa kijiji walifundishwa kuzikata kwa msumeno wa mkono na kuziunga kwa mashine ndogo ya kuchomelea, wakatengeneza viunzi vyepesi pale pale mahali pa kazi. Kiunzi kikiharibika, mwenyeji anajua kukitengeneza. Na ufundi ule ukabaki mikononi mwa vijana baada ya shule kwisha.

MATUNDA YAKE

Mwaka 2004 shule ya Gando ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Ujenzi. Mwaka huo huo nyumba za walimu zilimalizika, na mwaka 2008 madarasa yaliongezwa. Watoto waliokuwa 120 walifika 700. Kwa maktaba ya shule akina mama walileta vyungu vya udongo, vikakatwa na kutiwa katika dari, ili mianya yake ipitishe mwanga na kutoa hewa ya moto. Chungu kilichopikiwa mboga jana leo kimekuwa dirisha.

Mwaka 2022 Kéré alitunukiwa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wajenzi ni heshima kuu ya dunia nzima. Yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata.

Hata Kenya imepata fungu lake katika elimu hiyo. Mwaka 2021 yalimalizika majengo ya chuo cha Startup Lions karibu na Ziwa Turkana, mahali ambapo vijana hufundishwa kazi za kompyuta. Majengo hayo yalibuniwa na Kéré, nayo yana minara mirefu iliyoigwa kwa vichuguu vya mchwa wa nchi ile. Hewa ya moto hupanda katika minara hiyo ikatoka, na hewa mpya huingia kwa matundu ya chini. Kumbe mwalimu wa ujenzi alikuwapo Turkana siku zote, na mbuzi walikuwa wakimpita bila salamu.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Haifuati kwamba kila shule ibomoe mabati yake kesho. Udongo usiojulikana tabia ni hatari. Ule mweusi wa mbugani huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, haufai kwa tofali wala haufai chini ya msingi. Udongo wenye mchanga mno humomonyoka. Ukuta wa udongo wataka msingi wa mawe ulioinuka juu ya maji, na paa lenye kutokeza. Yeye ajengaye bila mambo hayo asije akamlaumu mtu wa Gando.

Lakini somo lenyewe laweza kuanza darasani wakati wowote, bila gharama. Kila mtoto na achukue chupa, aijaze udongo wa kwao hata theluthi, atie maji, aitikise, aiache hata kesho yake. Mchanga utakaa chini, na udongo laini juu yake. Watoto walinganishe chupa zao, nao watajua ni shamba la nani lenye udongo wa matofali.

Kisha mwalimu atengeneze masanduku mawili yaliyo sawa. Moja alifunike kwa kipande cha bati. La pili alifunike kwa ubao wenye matundu, na juu ya ubao ainue bati kwa vijiti kadiri ya shubiri moja. Ayaweke juani tangu saa nne hata saa saba. Kabla ya kuyafungua, kila mtoto aandike katika daftari lake ni lipi litakuwa na joto zaidi, na kwa sababu gani. Baada ya hapo watie kipima joto, ama mkono. Ndipo mwalimu afungue ramani, awaonyeshe Burkina Faso. Mtoto ambaye mkono wake umeonja tofauti ya masanduku hayo hataisahau nchi hiyo kwa upesi.

Limebaki la wema. Shule nyingi za Kenya zilijengwa kwa Harambee, na majina ya waliochanga yamo katika madaftari ya zamani ya kamati, mengine yameliwa na mchwa. Huyu alitoa shilingi chache, huyu alitoa mbuzi, huyu alikuwa fukara akatoa siku tatu za kazi. Wengi wamekufa. Wengine wangali hai, nao hukaa vibarazani wakiwatazama watoto wakipita na vitabu, wala hakuna mtoto ajuaye kwamba ameketi juu ya jasho la mzee yule. Walimu na wayatafute majina hayo, yasomwe mbele ya darasa. Mzee aliye hai aalikwe aeleze mawe yalitoka wapi na nani aliyachukua. Tena watoto waende kwake siku moja wamchotee maji, ama wazibe ufa wa ukuta wake.

Na likija jengo jipya shuleni, watoto wasifukuzwe wakacheze mbali mpaka mafundi wamalize. Asiyeweza kuinua jiwe kubwa apewe dogo. Msingi wa Gando ulikusanywa na watoto.